Kuvaa mitumba ukapendeza: mwongozo kamili kuanzia kabatini hadi kwa fundi

Kabla hujapanda daladala kwenda soko la Karume, gawa hela yako ya nguo mafungu matatu, na fungu moja liwe la fundi. Wengi hawafanyi hivyo. Hela yote inaishia sokoni, nguo zinafika nyumbani, moja inapwaya kiunoni, nyingine mikono mirefu, nazo zinaning'inia kabatini zikingoja siku ya kupelekwa kwa fundi ambayo haifiki. Mtumba unakupa kitambaa kizuri na mshono imara kwa bei ambayo dukani huipati. Haukupi nguo iliyokatwa kwa mwili wako. Hiyo unainunua kwa fundi, na ndiyo inayomfanya mtu akuulize, "Hilo gauni umelitoa wapi?"

Ninayemfikiria hapa ni mtu anayeanza kazi Dar es Salaam. Mshahara bado mdogo, na anahitaji nguo za ofisini, za ibada, za shughuli na za kutoka wikiendi. Nitatumia mfano wa bajeti ya shilingi 120,000. Wanaume nao wamo. Mambo mengi ni yaleyale.

Hatua ya 1: Toa kila kitu kabatini

Mwaga nguo zote kitandani. Tenga unazovaa kila wiki, tenga zinazongoja marekebisho, tenga zisizovaliwa kabisa. Kisha rudi kwenye lile fungu la kwanza ujiulize kwa nini unalipenda. Ni shingo ya V? Ni kitambaa kisichokunjika? Ni gauni linaloishia chini kidogo ya goti? Andika majibu kwenye simu, maana sokoni kelele ni nyingi na utasahau.

Katika fungu la tatu, chambua vitenge vya sare. Aliyekaa mjini miaka michache lazima anavyo: kitchen party ya shoga, send-off ya mtoto wa jirani, kamati ya harusi ya binamu. Gauni la sare huvaliwa siku moja likasahaulika, na kitambaa chake mara nyingi ni kizuri kuliko utakachokipata kwenye meza ya bei ya chini. Gauni refu la kitenge linatoa sketi moja ya ofisini na kipande kinabaki. Sketi hiyo itabeba blauzi zote za rangi moja utakazonunua, kwa hiyo iache ikuchagulie rangi: angalia rangi mbili zilizotawala kwenye kitenge, hizo ndizo utakazozitafuta kwenye blauzi.

Hatua ya 2: Andika orodha, chagua rangi

Chagua rangi mbili za msingi na moja au mbili za kuchangamsha. Za msingi ni zile zinazokubaliana na karibu kila kitu: nyeusi, bluu iliyokolea, kijivu, kaki, kahawia. Mimi ningechagua bluu iliyokolea kabla ya nyeusi, kwa sababu nyeusi ya mtumba mara nyingi imeshachuja, na weusi wa aina mbili tofauti ukivaliwa pamoja unaonekana kwa jicho la mbali. Nyeupe inapendeza sana kwenye ngozi zetu, lakini kama safari yako ni daladala mbili na bodaboda, usiwe na zaidi ya mbili.

Orodha ya kuanzia kwa mwanamke: suruali mbili, sketi mbili, ile ya kitenge ikiwa mojawapo, nguo za juu tano, gauni moja la heshima, koti moja jepesi. Kwa mwanaume: kadeti mbili, suruali moja ya kitambaa, mashati manne, fulana mbili za kola, koti moja. Nguo nne za chini na tano za juu, kama zote zinaelewana, ni mivao ishirini. Ndiyo maana kila nguo ya juu iwe na angalau tatu za chini inazoendana nazo. Isiyofikisha hapo iache mezani hata ikiuzwa buku, yaani elfu moja.

Uliza pia ofisini wanataka nini. Ofisi nyingi za umma hazikubali jinzi, nguo za kubana wala zinazoonyesha mwili, na hakuna hasara kama kujaza kabati modo, zile suruali za kubana, ambazo huwezi kwenda nazo kazini.

Sasa hela. Katika zile 120,000, weka 40,000 pembeni kwa fundi. Katika 80,000 inayobaki, karibu nusu iende kwenye koti na suruali au sketi za ofisini, maana ndizo zitakazovaliwa mara nyingi na ubovu wake unaonekana upesi. Blauzi na mashati yatapatikana kwenye meza za bei ya chini ukiwa na subira.

Msomaji wa Kigali atafanya hesabu nyingine. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, na haikurudi nyuma hata Marekani ilipoisimamishia, mwaka 2018, nafuu ya kuiuzia nguo bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Huko inaweza kukufaa zaidi kununua kitambaa na kushonesha kuanzia mwanzo.

Hatua ya 3: Jipime, na upime nguo unayoipenda

Nunua tepu ya fundi, haina gharama, na iishi kwenye mkoba. Pima upana wa mabega kutoka ncha hadi ncha, kifua, kiuno, nyonga sehemu iliyo pana kabisa, na urefu wa mguu kwa ndani kuanzia kwenye msamba. Kisha fanya jambo ambalo ni la maana zaidi: chukua suruali na shati vinavyokukaa vizuri kuliko vyote, vilaze juu ya meza, uvipime vikiwa vimelala. Namba hizo ndizo utakazolinganisha sokoni, kwa sababu na nguo ya pale utaipima imelazwa. Ukinunua kwa wauzaji wa Instagram au WhatsApp, waombe vipimo hivyohivyo kwa inchi. Muuzaji asiyetaka kupima, mwache.

Usiamini saizi kwenye lebo. Saizi 12 ya Uingereza inakaribiana na 40 ya Ulaya na 8 ya Marekani, na kampuni hazifanani hata ndani ya nchi moja. Mzigo wa Korea una namba zake, 55, 66, 77, na kwa kawaida umekatwa mwembamba nyongani. Aidha nguo imeshafuliwa mara nyingi kabla ya kukufikia, huenda ilirudi au ikalegea. Tepu haidanganyi.

Hatua ya 4: Kwenda sokoni

Vaa taiti na singlendi au blauzi nyembamba ndani, ili uweze kujaribu nguo palepale bila kutafuta pa kujificha. Anayevaa baibui au dira ana nafuu, anajaribu suruali ndani kwa ndani. Viatu viwe vya kuvua haraka. Hela igawe: ya kununulia mfukoni kwa noti ndogo, nauli mahali pengine kabisa. Ukitoa msimbazi, noti ya elfu kumi, kulipia nguo ya buku tatu, umeshaharibu mazungumzo ya bei.

Dar watu huenda Karume, Manzese au Tandika. Mwanza kuna Mlango Mmoja, Moshi kuna Memorial, na Tengeru ya Arusha huchangamka Jumatano na Jumamosi. Belo la nguo mara nyingi ni kilo 45 hivi, na likifunguliwa asubuhi wa kwanza kulivamia ni wenye maduka na wale wanaouza mtandaoni. Wanachukua vya gredi wani, wanafua, wanapiga pasi, wanaviuza mara tatu ya bei. Nairobi, Gikomba, hizo nguo za kwanza huziita kamera. Kama hununui kwa ajili ya biashara huna haja ya kusukumana nao. Wao wanatafuta nembo na nguo zisizohitaji kazi. Wewe una fundi, kwa hiyo shati lenye mikono mirefu mno wanalolitupa pembeni ni lako. Nenda siku ya katikati ya wiki, saa nne au saa tano, meza zikiwa zimeshatulia na muuzaji ana muda wa kuongea. Mnada wa jioni ni wa fulana na nguo za nyumbani. Pale hakuna nafasi ya kukagua, na anayeshika nguo kwanza ndiye mwenye nayo.

Kama unasafiri kwenda Njombe, Mbeya au Arusha kwenye baridi ya Juni na Julai, nunua sweta na koti la sufu Dar mwezi wa Januari. Joto likiwa limewaka hakuna anayezigusa.

Hatua ya 5: Kukagua, na hapa usiwe na haraka

Anza na kitambaa, kwa mkono, kabla ya macho kutekwa na rangi. Pitisha vidole kwenye meza yote taratibu. Pamba na kitani vina ubaridi na uzito fulani. Poliesta ya bei rahisi inateleza na inakwaruza kidogo. Kwa joto la pwani, poliesta tupu ni adhabu: jasho halitoki, na harufu inang'ang'ania kwapani hata baada ya kufua. Kunja kitambaa ndani ya ngumi, hesabu hadi tano, uachie. Kikibaki na makunyanzi kama karatasi, kitakupa kazi ya pasi kila asubuhi. Kikirudi taratibu, kizuri.

Kisha tafuta lebo, mara nyingi iko ubavuni kwa ndani. Mzigo unatoka nchi nyingi na lebo zinasema lugha zao. Pamba utaiona kama cotton, Baumwolle kwa Kijerumani, coton kwa Kifaransa, cotone kwa Kiitaliano, bomull kwa Kiswidi, katoen kwa Kiholanzi. Kitani ni linen, Leinen, lin au lino. Sufu ni wool, Wolle, laine au lana. Viscose ni laini na inaanguka vizuri mwilini, inafaa magauni, ila ikilowa inakuwa dhaifu, usiikamue kwa nguvu. Asilimia chache za elastane, nyuzi zinazovutika, kwenye suruali ni jambo jema. Zikizidi, magoti yatatokeza baada ya kukaa siku moja ofisini.

Sasa inyanyue nguo kuelekea mwanga wa jua. Matundu ya nondo na sehemu zilizolika yanaonekana hapo tu. Kwenye suruali angalia msamba na ndani ya mapaja, kwenye shati angalia kola na ncha za mikono. Geuza nje ndani, chungulia kwapani. Doa la njano la jasho la zamani halitoki kirahisi, na ukilimwagia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe linaweza kuongezeka unjano. Doa la kutu kwenye nguo nyeupe ya pamba linaweza kupungua kwa limau, chumvi na jua. Klorini hulifanya likolee. Doa la mafuta ya kupikia kifuani, mwachie mwenye nalo.

Zipu: ipandishe na kuishusha mara mbili. Lastiki: ivute na uisikilize, ikitoa mlio mkavu imekufa. Vifungo vikikosekana si neno, vinabadilishwa vyote kwa pamoja, na nguo inapata sura mpya. Vipele vya nyuzi kwenye sweta vinanyolewa kwa wembe mpya ukiwa na mkono mwepesi. Nguo iliyochuja mabegani kwa kuanikwa juani irudishe, hakuna dawa yake.

Nguo za ndani usiguse. Tanzania imepiga marufuku kuingiza na kuuza zilizotumika, na Shirika la Viwango (TBS) huwa linazikamata sokoni.

Hatua ya 6: Mabega kwanza, nyonga kwanza

Nguo ya juu inachaguliwa kwa mabega. Mshono wa bega ukae juu ya mfupa, penye ncha. Ukizidi kidogo kwenye blauzi laini inavumilika, lakini kwenye koti au shati la ofisini utaonekana umeazima. Kurekebisha bega kunataka kufungua mkono, kola na bitana, na mafundi wengi hawaliwezi vizuri. Mengine yote, ubavu, urefu wa mkono, pindo, fundi anayamaliza. Kwa wanaume, funga kifungo cha kola: vidole viwili vipite kati ya kola na shingo.

Suruali na sketi zinachaguliwa kwa nyonga, na kiuno kiache. Jinzi nyingi za Ulaya zimekatwa kwa mtu ambaye kiuno na nyonga havitofautiani sana. Mwanamke mwenye umbo namba nane akinunua inayomkaa kiunoni, haipiti mapajani; akinunua inayopita, nyuma kunabaki uwazi unaoingia ngumi nzima. Hiyo ya pili ndiyo ya kununua. Uwazi huo ni kazi ndogo kwa fundi, wakati suruali inayobana nyonga haina akiba ya kitambaa ya kuongezea. Angalia pia urefu kutoka msamba hadi kiunoni ukiwa umechuchumaa. Ukihisi inashuka nyuma, iache, hapo fundi hana ujanja.

Kuhusu kupendeza kwenyewe, watu huongea sana maumbo ya mwili, matunda na herufi. Kwangu mambo mawili yanatosha. Kwanza, nguo ionyeshe kiuno kiko wapi, hata kama haibani: mkanda, blauzi iliyochomekwa mbele tu, au gauni lililoingia kidogo ubavuni. Pili, pindo liishie mahali mguu umepungua, juu ya kifundo au chini kidogo ya goti. Sketi inayoishia katikati ya shavu la mguu, penye unene wenyewe, inamfupisha hata mrefu. Nguo inayovaliwa kwa sitara haipotezi chochote hapa. Gauni pana la kitambaa kinachoanguka vizuri, na ushungi wa rangi iliyomo ndani ya gauni, linatoa kuliko gauni jipya la kubana.

Hatua ya 7: Bei

Usiulize bei ya nguo uliyoing'ang'ania kifuani. Chagua tatu, zishike kwa pamoja, uulize.

"Anti niungishe, hilo koti elfu kumi na tano, gredi wani hiyo."

"Koti zuri kaka yangu, ila bitana imeachia hapa ubavuni, ona. Na vifungo viwili havipo. Nikichukua koti na hizi blauzi mbili, unanifanyia ngapi?"

Kasoro unayoweza kuirekebisha ndiyo silaha yako, mradi uionyeshe bila dharau. Muuzaji aliyedharauliwa hapunguzi. Ukikuta mtu ambaye mzigo wake unakufaa, chukua namba yake, mwambie unachotafuta na saizi yako. Baada ya muda atakuwekea pembeni kabla wenye maduka hawajafika.

Hatua ya 8: Fua kabla ya kupeleka kwa fundi

Mpangilio huu si adabu tu. Nguo ya pamba inaweza kurudi ikifuliwa, na ukiikata kabla utajikuta na suruali inayoonyesha soksi. Loweka usiku kucha kwenye maji yenye sabuni, zenye rangi mbali na nyeupe. Harufu ya mtumba isipotoka, suuza kwa maji yenye kikombe cha siki nyeupe, kisha anika kivulini penye upepo, nje ikiwa ndani. Koti la sufu usilifue kwa maji ya moto, litasinyaa. Alama ya pasi yenye nukta moja ni moto mdogo, nukta tatu ni moto mkali wa pamba na kitani.

Zikikauka piga pasi kila kitu, na mishono na mikunjo usiisahau. Maeneo yetu kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje, hasa zenye unyevu, na funza wake huingia kwenye ngozi. Pasi ya moto inawamaliza.

Hatua ya 9: Kwa fundi

Usimpe fundi mpya nguo zako zote. Mpe suruali moja ikatwe pindo, uone ameshonaje, amepiga ovaloki au ameacha nyuzi zinaning'inia. Akifaulu, ongeza.

Nenda na viatu utakavyovaa na nguo hiyo, maana urefu wa suruali unategemea kisigino. Ivae pale, achome pini nguo ikiwa mwilini, kisha kaa, inama, nyoosha mikono kama uliyeshika bomba la daladala. Kwa ile jinzi yenye uwazi nyuma, mwambie afungue katikati ya mgongo. Anatoa kitanzi cha kupitishia mkanda, anafumua mkanda wa kiunoni, anaingiza mshono wa makalio kwa umbo la V, pana juu na kumalizikia chini taratibu, anakata kilichozidi, anarudisha mkanda na kitanzi juu ya mshono ili usionekane. Inchi mbili zinatoka bila shida. Zaidi ya hapo mifuko ya nyuma inaanza kusogeleana na suruali inakuwa na sura ya ajabu. Fundi anayetaka kuminya ubavuni pekee anatafuta njia ya mkato, kwa sababu nyonga zitavutika na mifuko ya mbele itabenuka. Uzi wa jinzi uwe wa rangi ileile ya dhahabu, sisitiza, la sivyo atatumia ulioko kwenye mashine.

Shati pana liingizwe ubavuni kwa mshono mmoja mrefu kuanzia kwapani hadi pindo. Mikono ya koti ikatwe tu kama ncha zake hazina vifungo vyenye matundu ya kweli. Gauni refu lililochakaa chini linakuwa gauni la goti, na kipande kinachobaki kinatoa mkanda wa kufunga kiunoni. Akiba ya kitambaa kwenye mishono, mwambie aiache angalau sentimita moja na nusu, maana miili inabadilika.

Elewaneni bei ya kila kazi kabla hajashika mkasi, andika, na ulipe nusu. Peleka nguo mapema, wiki mbili au tatu kabla ya Idi, na kabla ya Desemba kufika, kwa sababu sare za harusi na za Krismasi zikianza kuingia, suruali yako ya kupunguza kiuno ndiyo inayosukumwa chini ya meza.